Kuifunika ardhi ya chini ya mwembe: jinsi ya kupanda tikini kivulini

Nyumbani kwetu Muheza, chini ya mwembe palifagiwa kila alfajiri. Mama alishika ufagio wa chelewa kabla jua halijachomoza, na ilipofika saa moja ardhi ilikuwa na mistari myembamba iliyopangana kama ukili wa mkeka. Kwetu pwani hiyo ni heshima ya nyumba. Mgeni akiingia akakuta majani yamelala uwanjani, atajiuliza kama wenyewe wanaumwa au wamehama.

Lakini ufagio hauondoi majani peke yake. Kila siku huondoka na udongo kidogo, na kile kinachobaki hugandamana kama sakafu. Masika yakija, matone yanayodondoka kutoka kwenye majani ya mwembe huwa manene kuliko yale ya mvua yenyewe. Yanaipiga ardhi iliyo uchi, yanaurusha udongo, na maji mekundu yanateremka hadi barabarani. Mwembe wetu ulifagiwa hivyo miaka na miaka mpaka mizizi ikatokeza juu kama mishipa ya mkono wa mzee. Watoto walijikwaa. Maembe yaliyoiva yalipoanguka yalipasuka, na siku ya pili yalikuwa ya nzi.

Watu wengi wakifika hapo hununua ukoka. Ukoka ni mmea wa jua: chini ya mwembe hukonda, hugeuka manjano, na baada ya msimu mmoja unabaki na mabaka. Mimi nilipata jibu pembezoni mwa shamba la minazi ambalo lilikuwa halijalimwa kwa muda mrefu. Chini ya miti, mahali ambapo hakuna anayefagia wala kupalilia, ardhi yote ilikuwa imefunikwa na mmea laini wa kijani kibichi wenye maua madogo meupe. Ilikuwa mwezi wa Februari, jua la kaskazi likiwaka, na bado ulikuwa kijani. Nilipoinua shina moja nikakuta udongo wa chini ni mweusi na una unyevu. Mmea huo kwetu tunauita tikini, na wengi wetu tumeula tangu utotoni bila kuufikiria kuwa ni kitu cha kupanda.

Yafuatayo ni mambo niliyoyafanya na ninayoendelea kuyafanya. Yanafaa kwa mtu wa pwani au wa sehemu yoyote ya chini yenye joto, Tanzania na Kenya. Wa milimani nimewawekea maneno yao mbele kidogo.

Kwanza ujue unachokitafuta

Majina ya mimea hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo usiende kwa jina pekee. Kitaalamu tikini ni Asystasia gangetica. Neno la pili linatokana na mto Ganges wa India, lakini mmea ni wa asili ya Afrika vilevile, na huku kwetu umekuwako siku zote.

Shika shina: likiwa changa utahisi pembe nne, si duara. Majani hukaa mawilimawili, moja likilikabili jingine, na umbo lake ni la yai lenye ncha. Maua hupangana upande mmoja wa kikonyo, kila ua ni kama tarumbeta ndogo nyeupe, na petali ya chini ina madoa ya zambarau. Ua likishapita hubaki kijumba cha mbegu chenye umbo la rungu dogo, urefu wa sentimita 2 hadi 3, ndani yake mbegu zisizozidi 4. Kijumba hicho kikikauka hupasuka kwa kishindo na kuzirusha mbegu mita kadhaa. Kumbuka jambo hilo, tutalirudia.

Kuna ndugu yake mwenye maua makubwa zaidi ya rangi ya zambarau au samawati, ambaye huuzwa kwenye vitalu vya maua. Huyo ni wa Asia. Anapendeza, lakini mimi ninashauri uchukue huyu mdogo mweupe, kwa sababu ndiye wa kwetu na ndiye wanaomfahamu nyuki na vipepeo wa hapa. Viwavi wa vipepeo kadhaa wa misitu yetu hula majani ya Asystasia, wakiwemo wale wakubwa weupe wanaong'aa kama lulu ambao huruka kivulini. Kule Gede, pwani ya Kenya, kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 umewawezesha wanavijiji kufuga vipepeo vya msitu huo na kuuza pupa zake, yaani vile vijumba ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, nje ya nchi, na msingi wa kazi yote ni kuijua mimea ambayo viwavi hula. Kwa hiyo ukiona majani ya tikini yametobolewa, usikimbilie dawa ya kupuliza.

Neno kwa ndugu zetu walio mbali: usiuchukue mmea huu kwenda nao. Malaysia umevamia mashamba ya michikichi na kuwa gugu la kuwasumbua wakulima, na Australia wanaupiga vita. Ukiwa huko tafuta mmea wa msitu wa mahali ulipo. Uzuri wa tikini ni kwamba hapa ndipo kwao.

Uchague mti

Mwembe, mfenesi, mkwaju, mkungu, mwarobaini na mnazi, yote inafaa. Mkorosho una shida yake: korosho huokotwa chini, na anayeokota anataka ardhi safi. Kama mkorosho wako ni wa kuvuna, uache ufagiwe. Mvinje nao huangusha vijiti vyake vyembamba vikalala kama godoro nene, na pingili changa, yaani vipande vya shina tutakavyovipanda, hupata taabu kufikia udongo.

Kisha pima kivuli. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, nyoosha mkono wako kimo cha goti juu ya ardhi utazame kivuli chake. Ukiviona vidole wazi wazi, hapo pana jua la kutosha na tikini itaota, ila itataka maji zaidi wakati wa kiangazi. Ukiona umbo la mkono lenye kingo zilizofifia, hapo ndipo penyewe. Usipoona kivuli chochote cha mkono, basi kivuli cha mti ni kizito mno: tikini itaishi, lakini mashina yatarefuka na kukonda yakitafuta mwanga, na ardhi haitafunikwa. Dawa yake ni kupunguza matawi ya chini. Kwa mwembe fanya hivyo baada ya mavuno, usifanye wakati mti unajiandaa kutoa maua.

Jambo la mwisho la mahali: acha mita moja kamili kati ya tikini na ukuta wa nyumba, na usipande mahali ambapo watoto hucheza. Mmea huu hauvumilii kukanyagwa kila siku. Weka njia ya kupita tangu mwanzo, upana wa hatua moja, kwa mawe au kwa vipande vya matofali, kwa sababu watu watapita tu hata usipoiweka.

Uache kufagia, msimu mmoja kabla

Hatua hii haigharimu senti na ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote kwetu. Ukikusudia kupanda mwanzoni mwa masika, acha kufagia eneo hilo kuanzia Januari. Majani yaache yalale.

Nilipomweleza mama, aliweka ufagio chini akaniuliza, "Mwanangu, unataka kutuletea nyoka?"

Nilimwambia, "Hapana, mama. Nitakuonyesha mpaka wake, na nitakuwa nakata mwenyewe."

Tulikubaliana: yeye abaki na uwanja wa mbele, mlangoni na jikoni, aufagie apendavyo, mimi nipewe duara la chini ya mwembe. Ninakushauri ufanye makubaliano kama hayo na wenye nyumba kabla hujaanza, hasa wazee, kwa maana ukipanda kwa siri utaamka siku moja ukute pingili zote zimekusanywa kwenye lundo la takataka.

Majani ya mwembe ni magumu, huchelewa kuoza. Yakate kwa panga yakiwa palepale chini, kisha tandaza juu yake samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza, au mboji, unene wa vidole viwili. Kama mizizi imetokeza sana kama ilivyokuwa yetu, ongeza udongo wa msituni au wa shambani uliochanganywa na mboji, lakini usizidishe sentimita 5. Ukiifukia mizizi kwa kina kirefu kwa mara moja utaikosesha hewa. Usisogeze udongo wala majani mpaka kwenye shina la mti. Acha duara tupu la nusu mita kulizunguka, kwa sababu unyevu unaokaa kwenye gome siku zote huliozesha.

Na jembe liache stoo. Mizizi midogo inayoulisha mwembe iko juujuu, karibu kabisa na uso wa ardhi. Ukilima utaikata, na mti utakulipa kwa kupunguza maembe.

Kukata pingili

Mtu aliyewahi kupanda marando ya viazi vitamu tayari anaijua kazi hii. Mbegu ya tikini inaota vizuri, lakini pingili ni haraka zaidi na unajua umepata mmea uleule uliouchagua.

Nenda asubuhi mapema, mashina yakiwa yamejaa maji. Chagua mashina ya afya, si yale laini ya kilele wala yale ya chini yaliyokwisha kuwa magumu kama kijiti. Majani yenye mabaka ya manjano yaliyochanganyika na kijani yaache, huo ni ugonjwa na utauhamishia kwako. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Katika msitu wa hifadhi usikate chochote. Tikini imejaa kwenye mashamba yaliyoachwa, mitaro ya barabara na chini ya minazi, hakuna sababu ya kuingia msituni.

Kata vipande vya urefu wa shibiri moja, kila kipande kiwe na mafundo 3 au 4. Ondoa majani ya mafundo mawili ya chini na maua yote. Shina moja refu hukupa pingili tatu hivi. Kwa eneo la mita 4 kwa 5, ukipanda kwa nafasi ya sentimita 30, unahitaji pingili kama 220, yaani mashina 75. Ni mzigo mmoja wa baiskeli. Zifunge kwenye gunia bichi na uzipande siku hiyohiyo. Zikilala usiku mmoja bado zitaota, lakini nyingi zitakuwa zimelegea.

Kupanda

Subiri mvua. Usipande kwa matumaini ya mvua, panda baada ya mvua kubwa mbili au tatu, udongo ukiwa umelowa mpaka chini. Kwetu hiyo huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili. Ukikosa masika, kuna vuli, Oktoba na Novemba. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda Februari nikidhani ndoo mbili za maji kila jioni zitatosha. Mwembe mkubwa una kiu kubwa. Maji niliyomwaga yalinywewa na mti, na pingili zote zikakauka ndani ya wiki mbili. Nilihuzunika, na ndiyo maana ninalisisitiza hili.

Chukua kijiti kilichochongwa ncha, toboa tundu la mshazari kati ya mizizi, usilazimishe panapokataa. Ingiza pingili mafundo mawili yawe chini ya udongo, kisha kandamiza kwa kisigino ili udongo uishike vizuri. Panda kwa kupishanisha, mstari wa pili ukiangukia kwenye nafasi za mstari wa kwanza. Karibu na shina la mti, ambako kivuli ni kizito zaidi na mizizi ni mingi, zikaribiane, sentimita 20. Kwenye ukingo ambako jua linafika, achia hata 40, maana hapo itatambaa yenyewe.

Ukimaliza, rudisha majani makavu kuzizunguka pingili kama matandazo. Yasizifunike.

Wiki sita za kwanza

Adui wa kwanza ni kuku. Kuku anapenda matandazo, anachakura akitafuta wadudu, na pingili isiyo na mizizi hung'oka kwa pigo moja la mguu. Laza makuti juu ya eneo lote, yaliyochanuliwa ili mwanga upite, au tandaza matawi yenye miba. Yaondoe baada ya mwezi. Adui wa pili ni mbuzi, na huyo makuti hayamzuii. Tikini ni chakula kizuri cha mbuzi na sungura, mbuzi mmoja aliyefunguka kamba atamaliza kazi yako ya siku nzima kabla hujarudi kutoka sokoni. Hapo ni ua au kamba fupi.

Mvua ikikatika kwa zaidi ya siku 4, mwagilia jioni, polepole, kwa kopo lililotobolewa matundu. Baada ya siku 10 hadi 14 vuta pingili moja kwa upole, ikikataa, imeshika. Majani ya kwanza huweza kunyauka na kuanguka, usivunjike moyo, tazama fundo: kama kuna kichipukizi cha kijani, iko hai. Zile zilizokufa zibadilishe mara moja wakati mvua bado ipo.

Magugu yatakuja, hasa kwenye ukingo. Yang'oe kwa mkono, si kwa jembe. Kila shina la tikini linalotambaa likigusa udongo hutoa mizizi kwenye fundo, na unaweza kulisaidia kwa kuliwekea kijiwe juu. Kwa njia hiyo, ukipanda Aprili, kufikia mwisho wa Juni ardhi yote inakuwa imefungwa, na magugu hayapati tena mwanga wa kuchipua.

Kukata na kuwekea mpaka

Sasa turudi kwenye kile kijumba kinachopasuka. Tikini isipokatwa hupanda hadi kimo cha goti, huparamia vichaka vilivyo karibu, na hurusha mbegu kwenye bustani yako ya mboga. Mtu anayeipanda na kuiacha atakuja kuilaumu. Ikate mara mbili au tatu kwa mwaka, na wakati wake utaoneshwa na mmea wenyewe: maua yakiwa mengi na vijumba vikiwa bado kijani. Vikishakuwa vya kahawia umechelewa.

Tumia panga au kwanja, acha kimo cha shibiri moja. Itaonekana imenyolewa vibaya kwa wiki moja, kisha itachipua nene kuliko mwanzo. Mashina yaliyokatwa usiyatupe ovyo shambani, kila fundo ni mmea mpya. Wape sungura au mbuzi, au yaanike juu ya saruji au bati mpaka yawe makavu kabisa ndipo uyaweke kwenye mboji.

Ukingoni, panga mstari wa mawe au matofali, na kila mwezi pitia ukivuta mashina yaliyouvuka. Usiipande jirani na shamba la mahindi au bustani ya mchicha. Nafasi ya mita 3 na zaidi, yenye kufagiwa au kupaliliwa, inatosha mradi unaikata kwa wakati.

Kuhusu nyoka

Hofu hii ni ya kweli na haifai kupuuzwa. Nyoka hafuati majani. Hufuata panya, vyura na mayai, na hupenda mahali pa kujificha. Tikini iliyokatwa chini na kuzungukwa na ardhi iliyo wazi haimpi maficho mazuri. Tikini iliyoachwa ikafika kimo cha goti, ikaungana na ukuta wa nyumba na rundo la kuni, inampa. Kwa hiyo ile mita moja ya wazi kando ya ukuta ni sharti. Kuni, matofali na magunia yasihifadhiwe ndani ya eneo lililopandwa. Banda la kuku liwe mbali, na nafaka zisimwagike. Unapoingia kukata vaa buti, na kabla hujatia mkono gonga majani kwa fimbo ndefu. Usiku pita kwenye njia uliyoiweka, ukiwa na tochi.

Mbu nao huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Kabla ya masika pitia chini ya majani uokote vifuu, makopo na mifuko, kwa sababu ardhi ikishafunikwa vitu hivyo havionekani.

Kwa wa Lushoto, Kericho na penye baridi

Milimani ninapendekeza mmea mwingine wa kivulini: Impatiens walleriana, wenye mashina yaliyojaa maji na maua bapa ya waridi, mekundu au meupe yenye mkia mrefu mwembamba nyuma. Asili yake ni misitu ya Afrika Mashariki, kutoka Kenya hadi Msumbiji, ingawa siku hizi unauzwa duniani kote kama ua la bustani za kivuli. Mwaka 1882 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Joseph Dalton Hooker, aliuandika kwa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, baada ya John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza huko, kuupeleka kwenye bustani ya mimea ya Kew, London. Baadaye ilionekana kuwa ni mmea uleule uliokwisha kupewa jina la walleriana mwaka 1868.

Hupandwa kwa pingili vilevile, ila unataka unyevu zaidi kuliko tikini na udongo uliojaa mboji. Nafasi ya sentimita 25 inatosha. Mashina huvunjika upesi, kwa hiyo usiuweke mahali pa kupita. Aliye na mteremko wenye maji chini ya migomba au miparachichi ataupata ukiwa na maua karibu mwaka mzima. Chukua ule unaoota kwenye mifereji ya kijiji. Ile michotara ya dukani yenye maua yaliyojikunja kama waridi haina nguvu ya kujitunza yenyewe.

Faida ya sufuriani

Tangu lile duara lifunge, vilele vichanga vya tikini vinaingia jikoni kwetu kila wiki. Vinachumwa kabla ya maua, vinaoshwa mara mbili, vinakatwakatwa na kupikwa kwa tui la nazi. Peke yake tikini ni mboga laini isiyo na uchungu. Ndiyo maana sisi huichanganya na mchunga, uchungu wa huu ukatulizwa na ulaini wa ile. Chuma kutoka kwenye eneo ulilolipanda na unalolijua. Ile ya mtaroni mwa barabara, au ya shamba linalopuliziwa dawa, haifai kuliwa hata ikiwa imenawiri namna gani.

Mwaka wa pili

Kiangazi cha Januari hadi Machi kitaipunguza. Majani yatalegea mchana na kusimama usiku, mengine yataanguka kwenye ukingo wa jua. Katika mwaka wa kwanza imwagilie mara moja kwa wiki kipindi hicho. Kuanzia mwaka wa pili mizizi imeshuka, nami huwa siimwagilii tena, isipokuwa vipande vilivyopandwa upya. Usimwage maji mengi chini ya mwembe kati ya Juni na Agosti kwa ajili ya tikini: mwembe unahitaji kiu kidogo ndipo utoe maua, ukiunywesha sana utatoa majani.

Mabaka yatatokea, kwa kawaida mahali pale pale ambapo mtu hukaa au mbwa hulala. Kama baka linarudi kila mwaka, liache liwe njia.

Mkato ninaouangalia kwa makini kuliko wote ni wa mwanzo wa Novemba, kabla maembe hayajaanza kuanguka. Hapo ninakata chini zaidi, kimo cha vidole vinne, ili embe likidondoka lilale juu ya kitu laini na bado lionekane. Mvua za vuli huwa zimeanza, na mashina ya mkato huo yana nguvu. Majirani huja na magunia yao. Ninawachagulia yale ya katikati, yenye mafundo ya karibu karibu, nawafungia kwenye kitambaa kibichi, na ninawaambia wazipande pingili kabla ya magharibi.